Kuandaa trio ya Telemann ya rekoda, obo na kontinuo

Nimewasaidia jamaa fulani kuandaa trio sonata (kipande cha sauti mbili za juu na besi) ya C maina ya Telemann, mtunzi Mjerumani wa enzi ya Barok (TWV 42:c2 kwenye orodha ya kazi zake), imo kwenye mkusanyo wake Essercizii Musici aliouchapisha mwenyewe kule Hamburg. Naandika hapa maana maswali ninayoulizwa kuhusu vipande kama hiki ni yale yale.

Hatua ya 1: watu. Inaitwa trio ila mnahitaji wanne: rekoda alto, obo, harpsikodi (kinanda cha zamani cha nyuzi zinazodonolewa), na mtu wa kushika laini ya besi; hao wawili wa mwisho ndio kontinuo. Selo inafaa, mimi nachagua basuni.

Hatua ya 2: noti. Tafuteni zenye namba tupu juu ya besi, zile zinazomwonyesha wa harpsikodi kordi za kupiga. Zile ambazo mhariri kashaujaza mkono wa kulia achaneni nazo, zinambana mpigaji.

Hatua ya 3: kutyuni. Hapa ndipo jioni nzima inapotea. Kubalianeni kwanza noti A ni hezi ngapi (mitetemo kwa sekunde), vyombo vya kisasa 440, kopi za vyombo vya zamani mara nyingi 415 yaani nusu toni chini, msichanganye. Harpsikodi inatyuniwa kwanza, wengine wanaifuata, na rekoda ipashwe joto kabla maana ikiwa baridi inakuwa chini. Sasa shida yenyewe: watu wamesikia muziki wa Barok ni mintoni (mtindo wa zamani wa kutyuni), wanaweka mintoni ya kawaida, halafu kila wakifika kordi ya F maina inaumiza masikio na lawama zote anabebeshwa wa rekoda. Hana kosa! Kwenye mintoni hiyo kitufe cha kati ya G na A kimetyuniwa G shapu, na C maina inataka A flati, ambayo iko juu zaidi kwa senti 41 hivi (senti 100 ni nusu toni), karibu robo toni. Jamaa zangu walivuta kichwa cha rekoda, wakabadilisha vidole, wakabadilisha ridi (kipande cha mwanzi cha kupulizia) ya obo, wapi. Dawa ni kupandisha hizo G shapu zote ziwe A flati (ila mkihamia kipande cha A maina mzirudishe, la sivyo E meja itaharibika), au mtyuni Vallotti, mtindo ambao kitufe hicho kimoja kinafaa kwa G shapu na A flati. Mimi ni Vallotti kila siku. Kinanda cha umeme kisipokuwa nayo, wekeni Werckmeister, mtindo mwingine wa aina hiyo.

Hatua ya 4: namba. Pasipo namba piga noti ya tatu na ya tano kuhesabu kutoka ile ya besi, 6 ni tatu na sita, shapu au flati ikikaa peke yake inagusa tatu. Mengine mtayazoea.

Hatua ya 5: sauti. Rekoda ikipulizwa kwa nguvu inapanda, ikipulizwa polepole inashuka, kwa hiyo msimwambie aongeze, obo ndiyo ipunguze, achukue ridi laini na asimame nyuma kidogo. Quantz, mpiga filimbi Mjerumani wa karne ya 18, naye kwenye kitabu chake cha 1752 anamtaka wa kinanda kwenye trio ajipime kwa vyombo anavyovisindikiza, basi rekoda ikishuka chini kwenye F na G zake, mkono wa kulia ubaki na noti mbili tu.