Mwani wa nywele kwenye tangi la maji chumvi

Tangi langu la lita 200, hapa Mombasa, liliwahi kufunikwa na mwani mwembamba kama nywele mpaka mawe hayaonekani. Dawa sikutia: mwani ukifa ghafla huoza, na uozo huo hulisha mwani mpya.

Anza kwa mkono. Zungusha nywele kwenye mswaki mkuukuu, ng'oa taratibu, huku mpira wa maji ukinyonya vipande visisambae. Kisha badilisha asilimia 15 ya maji kila wiki. Mimi nilikuwa nachanganyia chumvi kwenye maji ya kisima, kumbe yamejaa nitrati, kirutubisho kinacholisha mwani. Nilipohamia maji yaliyochujwa hadi nitrati ikatoka, mwani ulianza kufifia. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kwani chumvi haipandi na mvuke. Taa ziwake saa 8 kwa siku, basi.

Konokono ni wasaidizi wazuri, ila watazame kila asubuhi. Akipinduka mchangani, wengine hawawezi kujigeuza. Mwinue kwa vidole kabla kaa hajamfikia. Samaki aitwaye kangaja hula mwani kweli, lakini hukua na hupenda kuogelea mbali. Tangi kama langu ni kumtesa, simweki.