Fuata jina la fundi: kupata programu mpya na muziki wa wasanii huru ukiwa Kampala

Kazi yangu ni kuchora. Nachora mabango ya matamasha, kadi za harusi, kalenda, na siku hizi kava za nyimbo za vijana wanaotoa muziki wao wenyewe bila kampuni. Meza yangu iko Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, ambako ngurumo za mashine na jenereta haziishi mpaka jioni. Nikiwa kazini nina wimbo masikioni na zana fulani kwenye skrini, na wateja huuliza swali lilelile: "Hiki umekitoa wapi?" Wengi nimewajibu nusunusu kwa sababu kazi zinasubiri. Leo naandika jibu zima.

Sianzi na chati. Duka la programu kwenye simu linatanguliza kile kilichokwisha kupakuliwa na mamilioni ya watu, na programu kubwa za muziki hukuletea kinachofanana na ulichosikiliza jana. Kitu kilichotengenezwa na mtu mmoja chumbani kwake, Gulu au Dar es Salaam au Prague, ni nadra kufika kwenye ukurasa huo wa mbele. Lakini kina aliyekitengeneza, na jina lake limeandikwa mahali. Mimi hutafuta jina hilo, kisha naangalia lilikopita.

Kwenye muziki

Chukua kitu kimoja unachokipenda tayari. Tuseme ni singeli, ule muziki wa kasi wa Dar es Salaam. Mwaka 2017 ilitoka albamu ya mkusanyiko iitwayo Sounds of Sisso, yenye kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Lebo iliyoitoa ni Nyege Nyege Tapes, na makao yake ni hapahapa Kampala. Fungua ukurasa wa lebo hiyo kwenye Bandcamp, tovuti ambako wasanii na lebo huuza muziki wao wenyewe, telezesha chini, na usiishie kwenye albamu iliyokuleta. Mwaka huohuo walitoa kazi ya Otim Alpha wa Gulu, mwimbaji wa harusi za Kiacholi ambaye midundo ya larakaraka, ngoma ya harusi ya huko, ilihamishiwa kwenye kompyuta. Hatua moja tu, umeshatoka Dar umefika Acholi.

Endelea. Mwaka 2018 lebo hiyo ilizaa nyingine, Hakuna Kulala, na humo utamkuta MC Yallah, anayechana kwa Kiluganda, Kiluo, Kiswahili na Kiingereza. Msikilize, halafu soma maelezo yaliyo chini ya nyimbo, pale wanapoandika nani katengeneza mdundo, nani kamiksi, nani kachora kava. Kwenye albamu yake ya 2023 kuna jina Scotch Rolex, prodyuza Mjapani. Libofye jina hilo. Utapata albamu yake ya 2021, na ndani yake yumo Lord Spikeheart wa Nairobi, aliyekuwa nusu ya kundi la Duma. Mfuate huyo naye, utaona kuwa mwaka 2024 alianzisha lebo yake, Haekalu. Kutoka Kampala umepita kwa Mjapani ukashukia Nairobi, na hakuna mashine iliyokupendekezea chochote. Umeongozwa na watu waliochaguana kufanya kazi pamoja, na ushauri wa namna hiyo nauamini kuliko orodha yoyote ya nyimbo iliyopangwa na kampuni.

Bandcamp ina njia mbili zaidi ambazo wengi wanazipita bila kuziona. Mwisho wa ukurasa wa albamu kuna tagi, yaani maneno mafupi ya kuupanga muziki, na mara nyingi mojawapo ni jina la mji. Bofya Kampala, kisha panga matokeo kuanzia mapya. Utakutana na vitu vya kila aina, vingine vibichi kabisa, lakini ndipo utakapomsikia mtu kabla hajaitwa na redio. Njia ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Kwenye ukurasa wa albamu kuna picha ndogondogo za watu walioinunua, na wengine wameacha maneno mawili matatu kueleza wimbo wanaoupenda. Bofya picha moja: unaona kila kitu ambacho mtu huyo amewahi kununua na kukiacha wazi. Ukikuta mtu ambaye mna albamu nne au tano za pamoja, na albamu hizo si za kila mtu, umepata mwenzako wa masikio. Kusikiliza kwake kote ni hazina yako, na anaweza kuwa yuko Osaka au Mombasa, hamtajuana kamwe. Kuna wanunuzi ambao huwa narudi kwenye kurasa zao kila nikimaliza kazi kubwa, kuona wameongeza nini.

Huhitaji akaunti ili kusikiliza. Muziki hapo unapigwa kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, yaani saa nzima hula kama MB 58. Kwa sisi ambao tangu Julai 2021 kila bando lina ushuru wa asilimia 12 juu yake, hesabu hiyo ni ya kuijua. Wimbo uleule ukiutazama kama video unaweza kula mara kadhaa zaidi, na kama unachora huku macho yako hayapo kwenye video hata kidogo.

Ukipenda kitu, kinunue. Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya muziki wa kupakua, kuna na gharama ya kupitisha malipo, na kinachobaki kinakwenda kwa msanii au lebo yake. Tangu Machi 2020 kuna Ijumaa maalumu ambazo Bandcamp huacha fungu lake. Siku hizo huhesabiwa kwa saa za California, kwa hiyo kwetu Ijumaa hiyo inaanza saa nne asubuhi, au saa tano ile miezi wenzetu wanaporudisha saa nyuma. Ukiweza kungoja hadi siku hiyo, ngoja. Malipo yanataka kadi au PayPal. Kama huna kadi ya benki, uliza mtandao wako wa simu kuhusu kadi ya mtandaoni inayotolewa kwenye pesa za simu. Weka humo kiasi cha albamu tu, usiache salio kubwa. Zipo pia albamu ambazo msanii ameacha uweke bei mwenyewe, na nyingine zinakubali hata sifuri. Mimi huweka kitu, hata kidogo, kwa sababu najua kijana wa kava anavyohesabu nauli ya kuja mjini.

Baada ya kununua, pakua faili. Chagua MP3 kama unatumia bando lako, FLAC, ambayo sauti yake haijapunguzwa, ukiwa kwenye WiFi, kwa maana albamu moja ya FLAC inaweza kuzidi MB 300. Kisha inakili kwenye kadi ya kumbukumbu au diski. Bandcamp yenyewe iliuzwa kwa Epic Games mwaka 2022 na mwaka uliofuata ikauzwa tena, kwa Songtradr. Tovuti hubadilisha wenyewe, lakini faili iliyo mkononi mwako haiondoki nao.

Kuhusu SoundCloud, tovuti nyingine ambako wasanii hupandisha nyimbo zao, nitasema moja tu: usitazame nyimbo za msanii peke yake, tazama na za wengine alizozirusha upya kwenye ukurasa wake. Msanii mdogo hurusha kazi za marafiki zake, na marafiki zake ndio unaowatafuta.

Kwa redio, jaribu Radio Garden, mradi wa Uholanzi uliofunguliwa kwa umma mwaka 2016. Ni tufe la dunia lenye nukta za kijani. Unaligeuza kwa kidole na kila nukta ni mahali penye kituo kimoja au zaidi vinavyorusha matangazo muda huo. Nasikiliza Bujumbura asubuhi, Zanzibar jioni. Ukisikia kitu, sikiliza mpaka mtangazaji ataje jina, liandike, na urudi kwenye njia ile ya kwanza. Na ukitaka kwenda nyuma, tafuta rekodi za Hugh Tracey, aliyepita Uganda mwaka 1950 na 1952 akirekodi muziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na wa vijijini. Hazina yake inatunzwa na ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika iliyoko Afrika Kusini. Prodyuza anayetaka mdundo usiofanana na wa jirani yake aanzie huko.

Jambo moja la hapa kwetu. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na wasanii wengi wa nje bado wanaweka habari zao huko. Usivunjike moyo ukiona ukurasa haufunguki. Karibu kila msanii ana mahali pengine. Na kama unatumia VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mbali, chagua kwa uangalifu uleule ninaoueleza hapa chini, maana VPN inaona kila unakopita.

Kuna kijana wa Katwe alinijia akitaka kava la nyimbo zake tano. Nikamuuliza nani kamiksi. Akasema, "Anko, si lazima liandikwe, ni rafiki yangu tu." Nikamwambia liandikwe. Tuliweka jina la aliyemiksi, la aliyepiga adungu, kile kinubi cha kwetu, na la studio, nyuma ya kava na kwenye maelezo ya mtandaoni. Kama wewe ni msanii unasoma hapa, andika majina yote. Ndiyo njia ambayo mtu wa mbali ataitumia kukufikia.

Kwenye programu na zana

Hapa mwanzo ni tofauti: anza na shida yako, uiseme kwa maneno ya kawaida. "Nataka kufungua faili la PSD la mteja bila kununua Photoshop." "Nataka kupokea picha kutoka kwenye simu ya mteja bila flashi na bila bando." Anayetafuta "programu nzuri za mwaka huu" atapata matangazo.

Ukishajua shida, nenda AlternativeTo. Unaandika jina la programu unayoijua, inakupa zinazofanya kazi hiyohiyo, na unaweza kuchuja za bure, zilizo huria (zenye msimbo ulio wazi kwa kila mtu), au za Android pekee. Njia ya pili ni F-Droid, ghala la programu huria za Android lililoanza mwaka 2010. Lichukue kwenye tovuti yake yenyewe, f-droid.org. Simu itakuonya kuwa unasakinisha kitu kutoka nje ya duka lake. Onyo hilo ni la kweli kwa faili za APK, yaani za kusakinisha programu za Android, zinazozunguka WhatsApp, na hizo usiziguse hata ukitumiwa na ndugu yako. Kinachonipendeza F-Droid ni kwamba programu yenye tabia ya kumfuatilia mtumiaji au kutegemea huduma isiyo huria inaandikwa waziwazi kwenye ukurasa wake.

Ukitaka kuona vilivyozaliwa leo, kuna Product Hunt, iliyoanzishwa mwaka 2013. Siku yake nayo huanza kwa saa za California, saa nne au saa tano asubuhi yetu. Siku hizi vingi humo vinadai usajili wa kila mwezi kwa dola, kwa hiyo mimi huchungulia na kutoka.

Kabla ya kuweka kitu kwenye simu nafanya ukaguzi mfupi. Nani kakitengeneza, na ana kazi nyingine? Mara ya mwisho kilisasishwa lini? Kama kiko GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka msimbo wa programu zao, tarehe iko wazi. Kilicholala miaka mitatu nakiacha, hasa kama kinagusa pesa au nywila. Kinaomba ruhusa gani? Tochi haihitaji majina ya watu kwenye simu yako. Andika jina la programu kwenye tovuti ya Exodus Privacy, shirika la Ufaransa, utaona ina vifuatiliaji vingapi ndani. Mwisho, zima data na WiFi kisha uifungue. Programu ya kuandika maelezo au kukata picha ambayo haifanyi kazi bila intaneti inapeleka kitu mahali, na bando ni lako.

Kwa kipimo hicho, hizi ndizo zilizobaki mezani kwangu. Photopea, zana ya kuhariri picha ndani ya kivinjari, iliyoundwa na Ivan Kutskir. Inafungua PSD, na faili lako linabaki kwenye kompyuta yako, halipandishwi kwenye seva. Squoosh ya Google, kwa kupunguza uzito wa picha kabla ya kumtumia mteja. Organic Maps, ramani isiyohitaji intaneti ukishapakua nchi unayotaka.

Na LocalSend. Hii ningeiweka kwenye kila kompyuta ya mtaa huu. Simu na kompyuta zikiwa kwenye WiFi moja, faili linavuka moja kwa moja bila kutoka nje, bila akaunti, bila hata MB moja ya bando. Hata intaneti ikikatika, ruta ikiwa inawaka inatosha. Flashi za Nasser Road zinapita mashine nyingi kwa siku na zinabeba virusi kutoka duka hadi duka. Mteja anayenitumia kazi kwa LocalSend ananiondolea mzigo huo.

LocalSend na F-Droid zote mbili zinatafsiriwa na watu wa kujitolea kupitia tovuti ya Weblate, na wewe unaweza kusaidia kwenye Kiswahili. Fungua akaunti, chagua programu unayoitumia kila siku, tafuta Kiswahili kwenye orodha ya lugha, na uanze na maneno ya vitufe: tuma, pokea, ghairi. Ukikuta sentensi huielewi, iruke uende nyingine, mwingine ataimalizia.