Jinsi ya Kuchagua Kampuni ya Kukagua na Kudhibiti Mchwa Jijini Mwanza

Kwa miaka sita nilibeba bomba la dawa mgongoni nikiwa fundi wa kupuliza wadudu, na sasa ninasimamia matengenezo ya nyumba za kupangisha katika wilaya za Nyamagana na Ilemela, ambazo wenyewe wengi wanaishi mbali na Mwanza. Zamani nilikuwa ninatumwa na kampuni, leo ninaziita mimi. Mwongozo huu unamhusu mwenye nyumba aliyeona dalili za mchwa na anayetaka kumwajiri mtu wa kuwadhibiti bila kulipa mara mbili. Haufundishi kuchanganya dawa, kwa sababu kazi hiyo ina hatari zake na ina watu wake.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: kampuni inayotaja bei kwenye simu kabla ya kuiona nyumba haina msingi wa bei hiyo. Gharama ya kudhibiti mchwa hutokana na urefu wa kuta, aina ya msingi, mahali wadudu wanapopenyea na kiasi cha dawa kinachohitajika, na hakuna kati ya hayo kinachoweza kujulikana bila mtu kupiga magoti chini ya sinki la jikoni na kupanda darini.

Hatua ya 1: Usiufagie udongo

Mtu akiona kijia cha udongo kinapanda ukutani au kwenye fremu ya mlango, jambo la kwanza analofanya ni kuchukua ufagio, na la pili ni kununua kopo la dawa ya mbu na kupuliza. Yote mawili yanamharibia mkaguzi kazi. Kijia hicho ndicho kinachoonyesha mchwa wametokea wapi na wanaelekea wapi, na dawa ya kopo huwaua wachache walio mbele huku wengine wakihamia upande usioonekana. Piga picha, bomoa kipande cha kama sentimita tatu tu katikati ya kijia, kisha uangalie baada ya siku mbili au tatu. Kikizibwa kwa udongo mbichi, mchwa wapo kazini.

Hakikisha pia kwamba ni mchwa. Kumbikumbi, yaani mchwa wenye mbawa, wana mbawa nne zinazolingana urefu, kiuno kipana na papasi za kichwani zilizonyooka, ilhali sisimizi wenye mbawa wana kiuno chembamba, papasi zilizopinda na mbawa za mbele ndefu kuliko za nyuma. Kumbikumbi wanaoingia usiku kufuata taa baada ya mvua za vuli au masika si habari ya kutisha, kwani hapa kwetu watoto huwakusanya na wakakaangwa. Habari ya kutisha ni kumbikumbi wanaotoka ndani ya nyumba yenyewe, kupitia ufa wa sakafu au pembeni mwa fremu, kwa maana hiyo ni dalili kwamba kundi limo chini yako. Na ukikuta vumbi laini kama unga chini ya kiti cha mbao chenye vitundu vidogo vya duara, huenda hao ni wadudu wengine watoboao mbao, na tiba yao ni tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Tafuta majina matatu, kisha uombe karatasi

Usichukue namba ya kwanza iliyobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Mabango yanayoahidi kumaliza mchwa, kunguni, panya, popo na nyoka kwa pumzi moja yananitia shaka, maana mchwa wa ardhini hawapulizwi kama kunguni. Dawa yao huingizwa udongoni. Waulize mafundi wa paa, wauza mbao na wasimamizi wa majengo ya taasisi ni nani aliyewafanyia kazi, na hasa kazi ile ina umri gani. Sifa ya kazi ya mwezi uliopita haina uzito. Ninayoitafuta ni sifa ya kazi iliyopitiwa na masika mawili.

Ukipata majina matatu, omba nyaraka. Kampuni iwe imesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, iwe na namba ya mlipakodi, na iwe na leseni ya biashara ya halmashauri inamofanyia kazi. Kubwa zaidi, iwe na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake yako Arusha na iliundwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, kwa kuwa chombo hicho ndicho kinachosajili viuatilifu na kusimamia wanaofanya biashara ya kuvipuliza. Soma tarehe ya mwisho ya kibali na jina lililoandikwa juu yake. Nimewahi kuonyeshwa kibali halali kabisa, ila kilikuwa cha kampuni nyingine, na kijana aliyekileta akasema ni ya mjomba wake.

Hatua ya 3: Msimamie mkaguzi anapokagua

Hapa ndipo kampuni hujitofautisha, na hapa ndipo usipopaswa kuwa na haraka. Mwambie mkaguzi kwamba utafuatana naye. Anayefahamu kazi huja na tochi, bisibisi, nyundo ndogo, ngazi, na pengine kipima unyevu. Nyumba ya vyumba vitatu haikaguliki kwa dakika kumi, na mimi nikiifanya kwa uangalifu hunichukua zaidi ya saa moja.

Mwangalie anaanzia wapi. Mchwa wa ardhini wanahitaji unyevu, kwa hiyo mkaguzi mzuri huenda kwanza bafuni, chini ya masinki, kwenye mabomba yanayovuja na kwenye ukuta wa nje unaomwagiwa maji ya paa lisilo na mifereji. Kisha atagonga fremu za milango kuanzia chini kwenda juu akisikiliza mahali mbao zinapolia kama debe tupu, na atazichoma kwa bisibisi bila kukuogopa. Atafungua kabati za jikoni zilizojengewa ukutani. Atahamisha maboksi ya stoo. Atapanda darini kuangalia kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba paa, hasa ikiwa ni mbao za paini ambazo hazikutiwa dawa, kwa kuwa mninga na mvule hustahimili, ila paini ghafi kwa mchwa ni karamu.

Nje, atauzunguka ukuta wote. Atauliza kama kulikuwa na mti uliokatwa na kisiki chake kikafukiwa, kama mbao za kumwagia zege ziliachwa chini ya kifusi, na kama kuna kichuguu kwa jirani. Mtu asiyeuliza historia ya kiwanja atatibu ukuta na kuuacha mzizi wa tatizo.

Kwa Mwanza kuna jambo moja zaidi ambalo wakaguzi wa kutoka mikoa mingine hulisahau. Nyumba nyingi za huku zimesimama juu ya msingi wa mawe, na katika vilima kama Isamilo, Mabatini na Igogo zipo zilizoegemea miamba yenyewe. Watu hudhani mwamba ni kinga. Mchwa hawatoboi itale, lakini kati ya jiwe na jiwe kuna saruji iliyopasuka, na kati ya mwamba na ukuta kuna nafasi yenye udongo na giza, tena yenye unyevu unaoteremka kutoka juu ya kilima. Kijia cha udongo kinaweza kupanda ndani ya msingi huo kikatokea kwenye fremu ya chumbani bila kuonekana nje hata siku moja. Muulize mkaguzi waziwazi: mahali ambapo mtaro wa kumwagia dawa kuzunguka ukuta hauchimbiki kwa sababu ya jiwe, utafanyaje? Jibu linaloeleweka ni kutoboa matundu kwenye kiungo cha sakafu na ukuta na kuingiza dawa chini. Jibu la kwamba “tutapulizia tu kwa juu” linatosha kumwambia asante na kwaheri.

Mwisho wa ukaguzi, dai mchoro. Hata wa kalamu ya risasi unatosha, mradi unaonyesha kuta, vipimo vyake na alama za mahali mchwa walipopatikana. Kampuni nzuri inaweza kukutoza kwa ukaguzi huo, na sioni ubaya. Ukaguzi wa bure wa dakika tano ni ghali zaidi.

Hatua ya 4: Geuza bei kuwa lita

Ukipata bei tatu, usizilinganishe bado. Uliza kila kampuni itatumia lita ngapi za dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji. Kiwango kinachofahamika katika kazi ya kuzungushia nyumba mtaro ni takribani lita 5 kwa kila mita moja ya ukuta, kwa kila kina cha sentimita 30. Chukua nyumba yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 10. Mzunguko wake ni mita 44, na kwa mtaro wa sentimita 30 inahitaji lita 220, kabla hujahesabu matundu ya ndani. Bomba la mgongoni hubeba lita 16. Maana yake ni kwamba lijazwe karibu mara 14.

Hesabu hii ningeijua mapema ingeniokoa. Mwanzoni mwa kazi yangu ya usimamizi niliita kampuni moja, ambayo sitaitaja, katika nyumba ya Buhongwa. Vijana wawili walikuja na bomba moja, wakalijaza mara mbili, wakapuliza kuta na pembe za vyumba, harufu ikawa kali ya kuridhisha, na baada ya dakika 40 walikuwa wameondoka na malipo yao yote. Masika yaliyofuata fremu ya chumba kikubwa iling’oka na bawaba zake.

Hesabu hiyo pia inafichua bei ya chini isiyowezekana. Dawa ya fipronili yenye nguvu ya asilimia 2.5, ikichanganywa kufikia asilimia 0.06 ambayo hutumika kwa mchwa, huhitaji mililita 24 kwa kila lita. Kwa lita 220 ni zaidi ya lita 5 za dawa halisi. Ulizia dukani bei ya kiasi hicho, na kama kampuni imekutajia kazi nzima kwa chini ya hapo, kuna kitu hakitawekwa.

Hatua ya 5: Uliza jina la kiambato, na uliza kuhusu ziwa

Jina la biashara la dawa halitoshi. Omba kuona lebo, usome kiambato, yaani kemikali yenyewe inayoua wadudu, namba ya usajili na tarehe ya kuisha muda. Dawa za jamii ya bifenthrini na sipamethrini huwafukuza mchwa, na palipoachwa upenyo mdogo wataupata. Fipronili na imidakloprid haziwafukuzi. Mchwa hupita ndani yake bila kujua, wakalishana na kulambana, na sumu ikasambaa kwa wenzao. Kwa nyumba ambayo tayari imeshaingiliwa mimi huchagua kundi la pili, nikijua kwamba litachukua wiki kadhaa. Fundi mkweli atakuambia hivyo mapema, na anayekuonyesha mizoga siku hiyohiyo anakuonyesha wale tu waliokuwa juu. Oili chafu, ambayo bado inapakwa kwenye mbao, sipendi hata kuijadili.

Ukiwa Luchelele, Bwiru au popote karibu na maji, uliza zaidi. Nyingi ya dawa hizi huua samaki kwa kiasi kidogo mno, na udongo wa kichanga wa ufukweni hupitisha maji haraka. Kampuni ieleze itakavyokaa mbali na kisima na mfereji, itakavyoahirisha kazi mvua ikitanda, na mahali itakaposafishia mabomba yake. Anayesema atasuuza ziwani asiingie getini.

Hatua ya 6: Andika dhamana inayosomeka

Dhamana ya “miaka kumi” isiyo na maelezo ni maneno matupu. Iandikwe ni sehemu zipi zinazohusika, kampuni itarudi ndani ya siku ngapi ukiita, na kama marudio yana malipo. Isome pia sehemu ya mambo yanayoivunja: kuchimba bustani ya maua ukutani, kuongeza chumba au kuacha bomba likivuja huukata ukanda wa dawa, na hapo kampuni ina haki ya kukataa. Lipa kwa lipa namba yenye jina la kampuni, chukua risiti ya mashine, na ubakize sehemu ya fedha hadi ukaguzi wa marudio. Mimi hubakiza robo.

Hatua ya 7: Siku ya kazi, na siku 45 baadaye

Uwepo, au umweke mtu unayemwamini. Funika matangi na vyombo, ondoa kuku na watoto, kisha hesabu mabomba yanavyojazwa. Huhitaji utaalamu wowote kwa hilo. Dawa ifunguliwe mbele yako ikiwa na lakiri. Udongo wa mtaro nao unyunyiziwe unaporudishwa, na matundu ya kwenye marumaru yazibwe vizuri. Ikiwa kichuguu cha jirani kimetibiwa, waambie watoto wa mtaa wasiokote kumbikumbi wake msimu ujao.

Baada ya siku 45 rudini pamoja na mchoro ule wa kwanza, mkavunje vijia vipya na kugonga fremu zilezile. Pakiwa pakavu na kimya, toa robo iliyobaki. Mchoro uhifadhi pamoja na hati ya nyumba, kwa sababu fundi atakayekuja kuongeza baraza miaka mitatu ijayo atataka kujua pasipopaswa kuguswa na sururu.