Biskuti za siagi ya karanga za kukata maumbo na kupamba: mambo ya kuzingatia kabla

Kabla hujatoa bakuli kabatini, jiulize nani watakaozila. Karanga ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta mzio mkali, na kwa mtu mwenye mzio huo hata mabaki yaliyong'ang'ania kwenye kijiko yanaweza kumvimbisha koo na kumbana pumzi. Kuziokea kwenye moto mkali hakusaidii, kwa sababu protini inayoleta mzio inastahimili joto la oveni. Biskuti ya kupamba ina hatari zaidi ya ile ya kawaida. Isiyopambwa inajitangaza kwa rangi na harufu yake, lakini ukishaifunika sukari nyeupe, mtoto haoni karanga, anaona nyota. Kwa hiyo waulize wazazi mapema, siku kadhaa kabla, si wakati sinia linapita. Ukiambiwa kuna mwenye mzio, oka biskuti za aina nyingine kabisa. Usijidanganye kwamba utazitenga kwenye sahani ya peke yake, maana kifimbo, kibao na mikono yako vyote vimeshika karanga.

Wako wanaotumia siagi ya mbegu za alizeti badala yake, na inafaa. Ila ujue kwamba ikikutana na magadi au hamira ya unga, biskuti zinaweza kugeuka kijani ndani zikishapoa. Hazijaharibika, lakini ni vizuri kujua kabla hujashtuka.

Sasa tazama chupa ya siagi ya karanga. Ziko za aina mbili, na tofauti yao ndiyo itakayoamua kama mapambo yako yatadumu. Ya kwanza ni karanga tupu zilizosagwa, labda na chumvi. Ukiiacha itulie, mafuta hupanda juu na machicha hukaa chini. Ya pili imeongezwa mafuta magumu ili isijitenge, na kijiko kinaingia laini kuanzia juu hadi chini. Kwa kula na mkate mimi naipenda ya kwanza. Kwa biskuti za kupamba natumia ya pili, tena bila kusita. Karibu nusu ya uzito wa siagi ya karanga ni mafuta, na mafuta yasiyofungwa hayakai mahali pamoja. Huyeyuka mapema kwenye oveni na kutanua umbo, kisha biskuti ikishapoa yanaendelea kupanda taratibu kuelekea kwenye sukari.

Hilo la mwisho nililiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimepamba mioyo kumi na miwili saa mbili tu baada ya kuitoa kwenye oveni, na usiku ule ilikuwa nyeupe pe. Asubuhi kila moyo ulikuwa na mabaka ya njano, kama karatasi iliyofungiwa kitu cha mafuta. Ladha ilikuwa nzuri, lakini zilikuwa za kumpelekea mtu, na sikuweza kuzipeleka.

Kama huna budi kutumia ya kusaga mwenyewe, ikoroge mpaka iwe kitu kimoja ndipo upime, na usimimine yale mafuta ya juu kwenye donge kana kwamba ni nyongeza. Chagua karanga zako kwa mkono: zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga wala kuoka.

Kuhusu vipimo, kwa biskuti kama 25 za upana wa sentimita 7 mimi hutumia siagi ya kawaida gramu 115, siagi ya karanga gramu 130, sukari gramu 150, yai moja, vanila kijiko kimoja cha chai, chumvi robo kijiko cha chai na unga wa ngano gramu 300. Utaona hamira ya unga haimo. Sijaisahau. Hamira huinua, na kinachoinuka kwenye oveni hutanuka pia. Pembe za nyota zinalainika na uso unatoka na matuta, wakati wewe unataka uso tambarare wa kuandikia. Kwa sababu hiyohiyo, siagi iwe laini kiasi cha kubonyea kwa kidole lakini isiyeyuke, na usiipige na sukari muda mrefu hadi ijae hewa. Ikishachanganyika sawasawa inatosha. Na usilionje donge, maana unga mbichi na yai bichi vyote vinaweza kubeba vijidudu vya kuumiza tumbo.

Donge hili lina tabia yake. Mafuta mengi na machicha ya karanga hulifanya liwe rahisi kukatika, kwa hiyo ukilisukuma likiwa baridi sana kingo zitapasuka pande zote. Wengi hapo huongeza maji au unga, na biskuti zinakuwa ngumu. Likande tu kwa viganja nusu dakika, joto la mikono litalirudisha. Bora zaidi, lisukume likiwa bado laini, katikati ya karatasi mbili za kuokea, bila kunyunyiza unga, kisha uliingize friji likiwa bapa hivyohivyo kwa saa moja. Unene uwe milimita 6 kila mahali. Nina vijiti viwili vya mbao vya unene huo ninavyoviweka kushoto na kulia ili kifimbo kipite juu yake, na tangu nivipate sijapata tena trei yenye biskuti zilizoungua upande mmoja na mbichi upande wa pili.

Vibati vya kukatia navyo vichague kwa kuzingatia udhaifu huo wa donge. Moyo, duara, nyota pana na jani hutoka vizuri. Twiga mwenye shingo nyembamba atakatika, kama si kwenye trei basi mkononi mwa mlaji. Ukishakata, rudisha trei friji dakika 15 hadi 20 kabla ya kuoka. Hapo ndipo wenye haraka wanapopotezea umbo.

Oveni iwe imeshafika nyuzi 175 za Selsiasi. Oka biskuti moja ya majaribio kwanza; ikitanuka, rudisha nyingine kwenye baridi au ongeza kijiko cha unga kwenye donge lililobaki. Muda ni dakika 9 hadi 11, lakini usitegemee rangi kama kwenye biskuti za siagi, kwa sababu hizi ni za kahawia tangu zikiwa mbichi. Angalia mng'ao: biskuti mbichi inang'aa, iliyoiva uso wake umefifia na ukingo haubonyei ukiugusa kidogo. Ziache kwenye trei dakika 5 ndipo uzihamishe, maana zikiwa za moto zinamomonyoka.

Kisha zilale. Kwa kweli ni hili ninalotaka ulipangie kuliko yote: oka leo, pamba kesho. Zipange juu ya karatasi kavu inayonyonya, usiku kucha, na asubuhi utaona alama za mafuta kwenye karatasi badala ya kuyaona kwenye sukari yako.

Kwa sukari ya kupambia, ute wa yai moja hubeba takriban gramu 200 za sukari ya unga iliyochekechwa. Kwa kuwa haipikwi, tumia ute uliouawa vijidudu au ule wa unga unaokorogwa na maji, hasa kama walaji ni watoto, wazee au wajawazito. Bakuli na mchapo vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, na mikono pia, kwa sababu mafuta kidogo ya karanga yanatosha kuuzuia ute usiumuke. Tengeneza nzito kwa kuchorea mipaka na nyepesi kwa kujaza: ukipitisha kisu kwenye ile nyepesi, mstari ufutike ndani ya sekunde 15 hivi. Rangi ziwe za jeli, kwani za maji huilainisha.

Kukauka huchukua saa 8 hadi 12 mahali pakavu penye hewa. Friji haifai, unyevu wake unaifanya sukari ilie na rangi zichanganyike. Gusa katikati ya biskuti, si ukingoni, kwa sababu katikati hukauka mwisho. Kidole kikitoka bila kuacha alama, zipange kwenye kopo, karatasi kati ya safu na safu, na juu ya kifuniko uandike kwa herufi kubwa: INA KARANGA.