Jedwali la Excel ndani ya Word: namna ya kulisafisha lisomeke hadi ukurasa wa mwisho

Msimu wa korosho ukianza, Oktoba hivi, duka langu la kuchapa na kutoa kopi hapa Newala hupata wageni wa aina moja: makarani wa vyama vya msingi, AMCOS, kila mmoja na flashi yake mkononi. Hesabu wanazo kwenye Excel. Wanachotaka ni taarifa ya Word yenye barua mbele, maelezo katikati na orodha ya wakulima nyuma, ya kusomwa mkutanoni na kubandikwa ukutani pale ghalani. Kazi huharibika pale orodha inapohamishwa.

Juzi alikuja binti mmoja, karani, saa kumi jioni.

"Shikamoo fundi. Naomba unichapie tu, kila kitu kiko tayari."

"Marahaba binti. Hebu tukifungue kwanza."

Orodha ilikuwa na wakulima 412, kurasa 11. Ukurasa wa kwanza ulipendeza. Kuanzia wa pili hapakuwa na vichwa vya safu: safu tatu za shilingi zimefuatana, na hujui ipi ni malipo ghafi, ipi makato, ipi anachopokea mkulima. Nimewahi kumwona mzee amesimama mbele ya karatasi ya namna hiyo, kidole kwenye jina lake, akisoma makato akidhani ndiyo fedha iliyoingia benki. Mtu kapulizia mikorosho tangu Juni, kaokota, kaanika, kabeba hadi ghalani. Ana haki ya kusoma karatasi yake bila kuuliza jirani.

Tulifunga duka saa tatu usiku. Nayaandika haya ili wewe usifike saa tatu. Natumia Word na Excel za Windows, na majina ya vitufe nayaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Hatua ya 1: Maliza hesabu na usafi ukiwa bado Excel

Jumla zote zipigwe Excel. Word nayo inaweza kujumlisha, lakini ukibadilisha namba moja haijirekebishi yenyewe mpaka uiambie, na karani mwenye haraka hakumbuki. Kwa orodha ya fedha za watu mimi sikubali kabisa jumla ipigwe ndani ya Word.

Kisha pitia haya kabla ya kunakili:

Seli zilizounganishwa, zitenganishe. Kile kichwa kikubwa cha "Orodha ya malipo ya mnada wa tatu" kilichotandazwa juu ya safu zote nane usikinakili. Utakiandika Word juu ya jedwali kama maandishi ya kawaida.

Ukiona alama za ##### kwenye seli, panua safu. Word hupokea kile kinachoonekana, siyo kile kilichojificha nyuma. Ukinakili zikiwa ##### zitafika Word hivyohivyo, na namba yenyewe hutaipata tena huko.

Namba za uanachama zinazoanza na sifuri ziangalie moja moja. Excel hula sifuri za mbele: 0047 inakuwa 47. Ikiwa namba zenu zina tarakimu nne, chagua safu nzima, nenda Format Cells, Custom, andika 0000. Zitarudi.

Kilo ziwe na idadi moja ya tarakimu baada ya nukta. Usiache 38 juu na 412.5 chini yake. Zote ziwe 38.0 na 412.5, ndipo ukizipanga kulia nukta zitasimama mstari mmoja. Najua Word ina kituo maalumu cha kupanga nukta, lakini sikitumii. Njia hii ni fupi na haiharibiki faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine.

La mwisho hapa ni dogo ila ni baya: seli ambazo mtu alibonyeza Alt na Enter ili jina liende mistari miwili. Chagua orodha yote, bonyeza Ctrl na H, kwenye kisanduku cha kutafuta bonyeza Ctrl na J (hutaona kitu, ni sawa), kwenye kisanduku cha kubadilishia weka nafasi moja, kisha Replace All. Ukiruka hili, hatua inayofuata itampasua mkulima mmoja kuwa mistari miwili.

Hatua ya 2: Bandika maandishi matupu, kisha tengeneza jedwali upya

Wengi hunakili Excel na kubonyeza Ctrl na V. Jedwali linakuja na kila kitu cha Excel: upana wa safu, rangi, fonti, urefu wa mistari. Safu nane zinatoka nje ya karatasi upande wa kulia, nawe unaanza kuzivuta kwa mausi, moja baada ya nyingine. Mimi niliacha njia hiyo zamani, na kila anayekaa kwenye kiti cha duka langu namfundisha hii.

Nakili Excel. Ukiwa Word, bofya kitufe cha kulia, chagua Keep Text Only, ile yenye alama ya herufi A. Utaona maandishi yametawanyika bila mistari. Usiogope. Kati ya kila seli na seli kuna tabo, ile nafasi ya kitufe cha Tab, na hiyo ndiyo itakayojenga jedwali.

Chagua maandishi yote, bila ule mstari mtupu wa mwisho. Nenda Insert, Table, Convert Text to Table. Kwenye dirisha linalofunguka angalia mambo mawili kabla ya kubofya OK.

Kwanza, chini pale alama ya kutenganisha iwe Tabs. Ikiwa Commas, kila 1,250,000 itakatwa vipande vitatu.

Pili, soma idadi. Safu ziwe nane kama zako ni nane. Mistari iwe wakulima wako na kichwa kimoja. Sisi tulitakiwa kuona 413. Hiki ndicho kipimo changu ninachokiamini kuliko macho, maana kurasa 11 hakuna anayezihesabu kwa kidole. Mara ya kwanza tulipata 415. Kuna majina mawili yalikuwa na Alt na Enter ndani yake. Tulirudi Excel tukasafisha, ikasoma 413.

Hatua ya 3: Upana, fonti, mistari

Bofya ndani ya jedwali. Layout ya jedwali, AutoFit, AutoFit Window. Jedwali linajaa kati ya kingo za ukurasa na halitoki.

Kisha kwenye Table Properties, Options, ondoa tiki ya Automatically resize to fit contents, la sivyo jina refu moja litasukuma safu zote.

Chagua jedwali zima, kwenye Paragraph weka nafasi ya baada iwe 0. Word kwa kawaida huongeza nafasi chini ya kila aya, na kila seli kwake ni aya, ndiyo maana mistari hunenepa na kurasa 11 zinakuwa 15. Namba zipange kulia, majina kushoto.

Ikiwa safu hazitoshi, laza karatasi. A4 iliyosimama yenye kingo za sentimita 2.54 inakuachia karibu sentimita 15.9 tu, ikilala unapata 24.6. Weka Section Break ya Next Page kabla ya jedwali na nyingine baada yake, ndipo ulaze, ili barua ya mbele ibaki imesimama.

Hatua ya 4: Vichwa vijirudie kila ukurasa

Hii ndiyo iliyotuweka hadi usiku, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Maelezo yenyewe ni mafupi: chagua mstari wa kwanza wa jedwali, Layout, Repeat Header Rows. Basi. Ikikubali, ukurasa wa 2 hadi wa 11 vyote vinapata "Jina, Daraja, Kilo, Makato" juu yake. Shida ni kwamba isipokubali, Word haikuambii sababu. Kitufe kinabonyea, kinaonekana kimewaka, na ukurasa wa pili uko vilevile. Ukibofya tena kwa hasira unakizima. Mimi jioni ile, kabla ya kuamua kuanza upya kwa njia ya hatua ya 2, nilihangaika na faili la binti kama alivyolileta, nikapoteza zaidi ya saa moja na nusu. Sababu zilikuwa mbili kwa pamoja, ndiyo maana kila nilipoondoa moja nilidhani sijaondoa kitu.

Sababu ya kwanza: jedwali lilikuwa linaelea. Binti alilishika kwa ile alama ya mishale minne kwenye kona ya juu kushoto, akalivuta lije katikati ya ukurasa. Ukifanya hivyo Word hulichukulia kama picha ambayo maandishi yanaweza kulizunguka, na jedwali la namna hiyo halirudii vichwa. Dawa: bofya kulia ndani ya jedwali, Table Properties, kichupo cha Table, kwenye Text wrapping chagua None badala ya Around. Ukitaka jedwali liwe katikati, tumia Center iliyo hapohapo juu yake. Ile alama ya mishale minne mimi huitumia kwa kuchagua jedwali zima tu. Kuvuta, hapana.

Sababu ya pili: palikuwa na mkato wa ukurasa ndani ya jedwali. Mtu alibonyeza Ctrl na Enter katikati ya orodha ili kijiji cha pili kianzie ukurasa mpya. Kwa macho ni jedwali moja. Kwa Word ni majedwali mawili, na la pili halina kichwa chochote cha kurudia. Washa alama ya aya, ¶, kwenye Home, utauona mkato umeandikwa. Ufute, kisha uunganishe sehemu mbili kwa kufuta aya tupu iliyo kati yake. Kama kweli unataka kila kijiji kianze ukurasa wake, weka kishale kwenye mstari wa kwanza wa kijiji hicho, nenda Paragraph, Line and Page Breaks, weka tiki kwenye Page break before. Jedwali linabaki moja na vichwa vinarudi.

Mengine niliyokutana nayo kwa watu wengine:

Kitufe kimefifia, hakibofyeki. Umechagua mstari wa pili au wa tatu bila wa kwanza. Vichwa lazima vianzie mstari wa kwanza kabisa wa jedwali. Ndiyo sababu nikasema kile kichwa kikubwa usikinakili. Kama vichwa vyako ni vya mistari miwili, ichague yote miwili kwa pamoja.

Jedwali liko ndani ya jedwali. Ulibandika kishale kikiwa ndani ya seli ya jedwali lingine, na la ndani halirudii vichwa hata ulibembeleze vipi. Likate ulitoe nje.

Vichwa vimekubali lakini huvioni. Uko kwenye mwonekano wa Draft au Web. Rudi Print Layout.

Na kuna wanaoamua kuandika vichwa kwa mkono juu ya kila ukurasa. Binti naye jioni ile alianza hivyo, akafika ukurasa wa nne. Tafadhali usifanye. Mwenyekiti akipiga simu kwamba kuna wakulima watatu wamesahaulika, kila kitu kinashuka mistari mitatu, na vichwa vyako vyote vinakaa katikati ya majina ya watu. Na hiyo simu hupigwa kila msimu. Jioni ile ilipigwa saa moja na robo.

Ukiwa hapo hapo kwenye Table Properties, nenda kichupo cha Row. Chagua jedwali zima kwanza, kisha ondoa tiki ya Allow row to break across pages, ili jina la mtu lisikatwe nusu likabaki chini ya ukurasa huu na nusu juu ya ule. Ondoa pia tiki ya Specify height. Ikiwa imewekwa Exactly, majina marefu yenye mistari miwili hukatwa chini, na mwenye jina hatajiona vizuri.

Hatua ya 5: Kagua dhidi ya Excel

Linganisha vitu vitatu: mkulima wa kwanza, mkulima wa mwisho, na mmoja wa katikati utakayemchagua bila mpangilio. Kisha linganisha jumla ya kilo na jumla ya malipo halisi. Zikilingana, hifadhi kama PDF na uchape kutoka kwenye hiyo PDF. Faili la Word likienda kwenye kompyuta nyingine isiyo na fonti uliyotumia, mistari husogea na kurasa hubadilika, PDF haisogei.

Umeme usikukute hujahifadhi. Ctrl na S kila unapomaliza hatua.

Usichape kurasa zote kwa pamoja. Toa kwanza ukurasa wa pili na wa mwisho. Wa kwanza huwa mzuri siku zote, kwa hiyo haukuambii lolote. Binti aliushika ule wa pili, akasoma vichwa kwa sauti kutoka kushoto hadi kulia, akafika kwenye "Malipo halisi", akasema, "Haya fundi, toa zote. Nakala tatu, moja ya ukutani."