Jinsi ya Kupata Riwaya Mpya za Vijana Maktabani

Kijana wa kidato cha pili akiingia maktaba ya mkoa, mara nyingi hakuti rafu iliyoandikwa jina lake. Chumba cha watoto ni ngano za sungura na fisi. Upande wa wakubwa, vitabu vya kiada vimetawala. Riwaya zinazomfaa zipo, ila zimetawanyika. Mimi ni mkutubi, na hivi ndivyo ninavyowaelekeza vijana.

1. Anzia kwenye vitabu vilivyorudishwa. Omba kuviona kabla havijapangwa rafuni, maana hivyo ndivyo wenzako wanavyosoma sasa. Fungua karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada. Mihuri iliyofuatana kwa karibu inaonyesha kitabu kinagombewa. Kitabu kipya kabisa kitakuwa na muhuri mmoja au hakina hata huo, kwa hiyo usikiache kwa sababu hiyo.

2. Pitia sehemu mbili. Maktaba zinazofuata mpangilio wa Dewey, yaani kupanga vitabu kwa namba kulingana na mada, huweka fasihi ya Kiswahili kwenye namba 896.392. Nyingine hutenga riwaya peke yake na kuzipanga kwa jina la ukoo la mwandishi. Ukimaliza hapo, rudi chumba cha watoto, hata kama unajiona umeshakua. Riwaya fupi nyingi nzuri za vijana hupelekwa huko kwa sababu tu ni nyembamba, zikabaki bila kuguswa.

3. Hakikisha ni kipya. Jalada linalong'aa si ushahidi. Geuza ukurasa wenye jina la kitabu, usome nyuma yake. Ukiona chapa ya kwanza ni ya 1978 na ya karibuni ni ya 2019, hicho ni cha zamani kilichovishwa jalada jipya.

4. Fuata tuzo. Andika majina ya washindi wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014, na Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Kenya. Si washindi wote wameandikia vijana, lakini ukishakuwa na majina, kutafuta kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, ni kazi ya dakika chache.

5. Muulize mkutubi swali lenye mwili. "Mna riwaya nzuri?" halinisaidii. Niambie: "Nimemaliza hiki, nimependa msichana alivyokataa kuozeshwa, nataka kingine chenye mhusika wa umri wangu." Hapo najua pa kukupeleka, na nitakwenda nawe hadi kwenye rafu.

6. Kisipokuwepo, kiombe kwa maandishi. Hii ndiyo hatua ninayowasihi vijana wasiiruke. Andika jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ukabidhi mapokezi. Fedha za kununulia vitabu ni chache, na wanaoomba sana ni wanaojiandaa na mitihani. Ndiyo maana vitabu vya kiada hununuliwa kwanza. Maombi ya riwaya yakiwa mezani, mkutubi anakuwa na hoja ya kutetea ununuzi wake. Nenda na wenzako wa darasani, kila mmoja aandike ombi lake mwenyewe, kisha mrudi kuulizia.