Jinsi ya kutunza sururu yako ya Minecraft isikuishie pangoni

Hapa Kondele, Kisumu, vijana hukaa Jumamosi kwenye benchi langu la kuchajia simu, wote wakiwa ndani ya dunia moja ya mchezo wa Minecraft. Kosa lao ni lile lile: sururu ikichubuka kidogo tu, mbio hadi kwenye fuawe, kifaa cha kukarabati zana mchezoni. Hivyo ndivyo sururu nzuri ya almasi inavyoharibiwa.

Hatua 1: Usiache kuutazama mstari. Chini ya picha ya kifaa kuna kamstari kembamba. Huanza kijani, hugeuka njano, kisha nyekundu. Sururu ya chuma ina uzima wa 250, yaani mara inazoweza kutumika kabla ya kuvunjika, ya almasi 1,561. Mstari ukiwa mwekundu nawe uko chini kabisa, ifiche, shika ya mawe utokee nayo. Mdogo wangu alikaidi. Ikamvunjikia mkononi, na uchawi wote aliouhangaikia, yaani nguvu za ziada alizoipa, ukapotea nayo.

Hatua 2: Za kawaida zisizo na uchawi, tumia kinoo. Weka sururu mbili za chuma zilizochoka. Zikiwa na 100 kila moja, utatoka na moja yenye 212, kwani kinoo huongeza asilimia 5 ya uzima kamili. Hakikutozi levo, ngazi za uzoefu unazokusanya ukicheza, hata moja. Ila chenye uchawi usikiweke kamwe, utafutwa.

Hatua 3: Fuawe. Hapa tulia. Kuiunda tu kunakula vipande 31 vya chuma. Kila almasi unayoweka hurudisha robo ya uzima wa sururu kwa levo moja, lakini kuna deni juu yake. Kifaa kikipita kwenye fuawe mara ya kwanza, safari ijayo kinadaiwa levo 1 zaidi, kisha 3, 7, 15, 31, 63. Gharama ikifika 40, fuawe inakataa katakata. Kwa hiyo una safari sita, basi.

Deni hilo linahesabu safari, halihesabu almasi. Ukiweka almasi moja moja mara nne, umemaliza safari nne. Ukisubiri mstari uwe mwekundu ukaweka nne kwa mpigo, umetumia moja. Kupachika kitabu cha uchawi nako ni safari, kwa hiyo usizichezee.

Hatua 4: Tafuta Mending, uchawi unaokarabati kifaa kwa pointi za uzoefu. Hii ndiyo dawa. Weka meza ya mkutubi karibu na mwanakijiji asiye na kazi ili awe mkutubi, uone vitabu anavyouza. Kama Mending haimo, vunja meza uiweke upya, mradi hujanunua wala kumuuzia kitu.

Baada ya hapo kila pointi ya uzoefu hurudisha uzima 2. Sururu ya almasi iliyokwisha kabisa inataka pointi kama 780. Ishike mkononi unapotoa chuma kwenye tanuri au unapochimba kwatsi kule Nether, dunia ya moto ya mchezo huu. Kama deraya yako nayo ina Mending na imechakaa, ivue kwanza, la sivyo itagawana pointi na sururu.